Eksteno ya kazi: tazama umeme na waya kabla ya kasi

Vijana wanaoingia kwenye studio za video hapa Mbeya huuliza kwanza eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia kazi, ipi ina kasi. Wadogo zangu, ulizeni kwanza inapata umeme wapi. Harusi ikishapita hairudiwi, na eksteno nyingi zinazoletwa mezani kwangu kwamba zimekufa, diski yenyewe ni nzima: waya umelegea au umeme haukutosha.

Diski ndogo ya inchi 2.5 hupata umeme kwa waya uleule unaopitisha data. Tundu la kawaida la USB 2.0 lina kikomo cha miliampea 500, la USB 3.0 ni 900. Diski ya kuzunguka hudai umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ikiukosa utaisikia: inagonga tik, inanyamaza, inagonga tena, huku kwenye skrini inatokea na kupotea. Hapo usikimbilie kuifomati, tafadhali. Ondoa habu (kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB), chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya mfupi. Kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Hayo yako kwenye madabodi yenyewe, ile bodi kuu ya kompyuta, ya mbele hupitia waya mwingine ndani ya kasha.

Diski kubwa za inchi 3.5 huja na adapta yake ya volti 12, na wengi huziamini zaidi kwa sababu hiyo. Lakini upo Mwanjelwa, unanakili video ya sendofu, umeme unakatika: kompyuta mpakato inaendelea kwa betri, diski inazimika papo hapo katikati ya faili. Kama huna UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, mimi nashauri ile ndogo. eSATA, tundu jingine la diski za nje utakalolikuta kwenye mashine za zamani, nayo haibebi umeme, kwa hiyo inakurudisha kwenye adapta.

Kasi ina nafasi yake, USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde, 3.0 ni gigabiti 5. Ila Type-C ni umbo la kichwa cha waya tu, na nyaya nyingi za hivyo, hasa za kuchajia simu, ndani ni 2.0.

USB hukagua kila pakiti ya data na kuituma tena ikifika imeharibika. Ndiyo maana waya mbovu huanza kwa kushusha kasi au kuikata diski, mara nyingi kabla faili haijaharibika. Ukiona dalili hiyo simamisha kazi, badilisha waya. Hali ikibaki ileile kwa waya mwingine, shuku diski, na utoe data yako kabla ya jambo lolote.

NTFS na exFAT ni mifumo ya kupanga faili unayochagua wakati wa kufomati diski. Kwa Windows peke yake, fomati NTFS. Inatunza kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo umeme ukikatika inajirekebisha vizuri kuliko exFAT. Mac husoma NTFS lakini haiandiki bila programu ya ziada, kwa hiyo anayefanya kazi na zote mbili atabaki na exFAT na awe mwangalifu zaidi kuitoa kwa usalama kabla ya kuchomoa.

Kisha, kabla ya kufuta memori kadi ya kamera, linganisha faili la kwenye kadi na nakala yake. Windows ina amri ya certutil -hashfile, andika jina la faili kisha SHA256; Linux ni sha256sum. Amri hiyo hutoa msururu wa herufi na tarakimu kutokana na yaliyomo kwenye faili. Ifanye kwa faili la kwenye kadi, halafu la kwenye eksteno. Misururu hiyo miwili ikitofautiana hata herufi moja, nakili upya, na kadi usiiguse.