Kioo kipya, maji ndani: fundi vioo anajibu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Kibaha. Nina Toyota IST ya mwaka 2005. Lori lilinirushia kokoto barabara ya Morogoro nikitokea Chalinze, kioo cha mbele kikapata ufa mrefu kuanzia upande wa dereva hadi katikati. Nikaweka kipya kwa fundi wa mtaani, akamaliza haraka, nikaondoka na gari saa ileile. Sasa mvua ikinyesha kapeti ya upande wa abiria inalowa, na nikifika mwendo wa 80 kunalia kama filimbi kwenye kona ya juu. Fundi amerudi mara mbili kunipakia silikoni nyeusi kwa nje, maji bado yanaingia. Anasema kioo ni cha China, ndiyo maana hakikai. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwalimu wangu, na pole kwa usumbufu. Kwanza mzuie fundi asipake silikoni mara ya tatu. Kila anapopaka juu, kazi ya kurekebisha inazidi kuwa ngumu.

Hilo la China tulimalize mapema. Vioo vingi tunavyofunga vinatoka huko, na vipo vizuri kabisa. Tazama kona ya chini ya kioo chako, kuna maandishi madogo yaliyochomwa kwenye kioo chenyewe. Ukiona herufi E ndani ya duara pamoja na namba 43R, kioo kimetengenezwa kwa kiwango kinachotambulika kimataifa. Kisipokuwa na alama yoyote, hapo nitakuunga mkono ukilalamika. Cha pili ni kuhakikisha kioo ni cha gari lako. IST ya 2005 ni ya toleo la kwanza, na kwenye kadi yako ya gari namba ya chesisi itaanza na NCP60, NCP61 au NCP65. Kuanzia 2007 likaja toleo la pili, NCP110 na wenzake, bodi tofauti na kioo tofauti. Muuzaji akikwambia "cha IST hiki" bila kuuliza namba ya chesisi, hamia duka la jirani.

Kabla hujarudi kwa fundi, tafuta maji yanapoingilia. Fungua boneti utazame mfereji ulio chini ya waipa. Gari linalolala chini ya mwembe au mwarobaini hujaza majani pale, matundu ya kutolea maji yanaziba, na maji yanafurika hadi kwenye feni ya AC, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kisha yanadondokea miguuni pa abiria. Nimeona watu wakitoa kioo kizima kizuri kwa sababu ya majani. Safisha kwanza. Halafu mtu mmoja akae ndani na tochi, kapeti ikiwa imeinuliwa, mwingine amwage maji kwa mpira taratibu, bila presha, akianzia chini ya kioo na kupanda kidogokidogo kuelekea juu. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua tundu liko wapi.

Ila filimbi uliyoisikia inanifanya nishuku kioo chenyewe. Kipimo chake ni rahisi. Funga madirisha yote, washa feni ya AC mpaka mwisho ukiiweka ivute hewa ya nje, kisha pakaa povu la sabuni ya vyombo pembeni mwa kioo kwa nje. Panapotoa mapovu ndipo gundi haikushika.

Ukishapaona, mwalimu, dawa ni moja: kioo kitoke na kifungwe upya. Najua inauma, umeshalipa. Lakini kwenye IST na magari mengi ya sasa kioo cha mbele ni sehemu ya bodi. Kinasaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria, yaani mfuko wa hewa unaomkinga mtu ajali ikitokea, ikifumuka huruka juu na kuegemea kioo ndipo imkinge mtu. Kioo kikishikwa nusunusu, eabegi itakisukuma nje. Ndiyo maana nikiona kazi ya kulipua kwenye gari linalobeba familia, nakosa raha.

Sasa simama hapo fundi akifanya kazi, usiende kunywa chai. Kioo kikishatoka utaona ukingo wa bodi ambao kioo hukalia, upana wake kama vidole viwili, umezunguka nafasi yote. Kila kitu kinaamuliwa pale, kabla kioo kipya hakijagusa gari. Gundi ya zamani haibanduliwi yote hadi bati. Inakatwa kwa kisu chenye makali ibaki tabaka jembamba, milimita 1 hadi 2, sawasawa kuzunguka, maana gundi mpya hushika vizuri sana juu ya gundi yake ya zamani. Lakini kwako kuna silikoni, na hii lazima itoke yote, hata ikibidi kukata hadi chini, kwa sababu gundi ya kioo haishiki juu ya silikoni wala juu ya mafuta yake. Tena zile silikoni za dukani zenye harufu ya siki zinatoa asidi inayokula bati lililo wazi. Ukiona doa la kahawia kwenye ukingo, hiyo ni kutu. Ipigwe msasa hadi bati ling'ae, ipakwe praima, yaani dawa ya kupaka kwanza ili gundi ishike, ikauke. Kutu ikiwa imeshatoboa, muite fundi bodi kwanza, na akujazie kwa bati, asikuwekee pati, ile dawa nzito ya kuziba mashimo ya bodi. Gundi iliyoshika kwenye pati itang'oka pamoja na pati.

Baada ya hapo kioo kiwekwe kikavu, bila gundi, kipimwe. Nafasi ya kushoto na ya kulia ziwe sawa, juu kisipande kuliko paa, na pasiwe na kona inayonyanyuka ukibonyeza kona ya pili. Fundi mzuri atabandika vipande vya tepu ya karatasi, nusu kwenye kioo nusu kwenye bodi, kisha atavikata katikati kwa wembe, ili akirudisha kioo chenye gundi ajue pa kukilenga. Filimbi yako naamini ilizaliwa kwenye hatua hii iliyorukwa.

Ukingo wa kioo ufutwe kwa spiriti, usifutwe kwa petroli, maana petroli huacha mafuta. Mikono isiguse tena panapofutwa. Praima ipakwe kwenye ule mkanda mweusi wa pembeni mwa kioo, ambao kazi yake ni kuikinga gundi na jua. Gundi iwe ya poliyurethani ya vioo vya magari, na uisome tarehe ya mwisho kwenye bomba lake. Mdomo wa bomba hukatwa umbo la V ili gundi isimame kama mstari wenye ncha juu, bila kukatika popote, kisha watu wawili wakishushe kioo mara moja. Kikishakaa kisiinuliwe kutafuta mahali pengine.

Na usiondoke saa ileile. Gundi hii hukaushwa na unyevu wa hewani, hivyo Kibaha na Dar inawahi, lakini Njombe kwenye baridi ya Juni au Dodoma kwenye ukavu wa kiangazi huchelewa. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye bomba, na unatofautiana sana, kuanzia saa moja kwa nyingine hadi siku nzima kwa nyingine. Siku mbili za mwanzo acha dirisha moja wazi kidogo, kwani ukibamiza mlango hewa ya ndani hukisukuma kioo. Usipeleke gari kuoshwa kwa presha, na tepu ambayo fundi amebandika kushikilia kioo usiitoe mapema kwa kuona aibu barabarani.

Kama una bima kubwa, soma kipengele cha vioo kabla hujalipa tena. Bima nyingi za aina hiyo hulipia kioo hadi kiwango fulani, na hutaka picha za kioo kilichopasuka kabla hakijatolewa.

SWALI: Habari za kazi kaka. Naendesha Noah ya abiria, Moshi. Jiwe limeacha kidonda kidogo kwenye kioo, bado hakijatoa mkia. Je, nibadilishe?

JIBU: Salama kaka. Kidonda kidogo kuliko sarafu, kisichokuwa mbele ya macho ya dereva na kisichokuwa ukingoni, hujazwa kwa dawa maalumu ya maji na kikatulia. Kibandike tepu safi leo hii, vumbi na maji visiingie, kwa sababu kikichafuka dawa haipenyi. Ukikuta gari limekaa juani usiwashe AC baridi yote ikielekea kioo; fungua milango kwanza joto litoke. Tofauti ile ya joto ndiyo inayokiotesha mkia. Kikishatoa mkia mrefu, au kikiwa mbele ya macho yako, badilisha. Usiku taa za lori zikipiga kwenye ufa zinatawanyika na hutamwona mtu wa baiskeli, na wewe umebeba abiria.

SWALI: Fundi, nina Land Cruiser ya 70 huku Mpanda. Naambiwa nayo niweke gundi. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Hiyo kioo chake kinashikwa na raba nene yenye mifereji miwili, mmoja wa kioo na mmoja wa bodi. Nunua raba mpya pamoja na kioo, kwani ya zamani imeshakakamaa kwa jua na ndiyo itakayovujisha. Raba ivishwe kwenye kioo, kamba laini ya nailoni ilazwe kwenye mfereji wa bodi kuzunguka kote, miisho yake ikutane katikati chini, pakaa maji ya sabuni. Mmoja abonyeze kioo kwa kiganja akiwa nje, mwingine ndani avute kamba polepole, nayo itaugeuza mdomo wa raba ukae juu ya ukingo wa bati. Kabla ya yote pitisha kidole kwenye bati la chini, kwenye kona mbili, uone kama kuna kutu.