Kuhusu Aberfan, mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na nimemsomea baba yako kwa sauti maana miwani yake iko kwa fundi. Unasema Jumamosi, ulipopata nafasi kwenye mafunzo yako huko Cardiff, ulipanda treni hadi Merthyr Tydfil kuuona mji ulimozaliwa, ukakuta maduka mengi yamefungwa. Kisha ukapanda basi linaloshuka na bonde la mto Taff, ukateremka Aberfan, ukayaona yale matao meupe makaburini na umri wa waliolala pale: miaka saba, tisa, kumi. Ukauliza, "Mama, mlikaa maili nne tu kutoka hapa. Mbona hukuwahi kutusimulia?"

Hatukusimulia kwa sababu wenye msiba wenyewe, waliopoteza watoto kifusi cha mgodi kilipofunika shule mwaka 1966, hawakuwa wakiusimulia. Nilipoanza kazi ya unesi kule, mwaka 1979, sista wa wodi, mwanamke wa hukohuko, aliniweka kando akaniambia: mgonjwa akiwa wa Aberfan, ukifika kwenye swali la watoto, andika atakachokwambia na usiongeze swali jingine. Kuna mama nilimuuliza ana watoto wangapi. Alitazama dirishani, akasema, "Watatu." Saa ya kuona wagonjwa walikuja wawili, watu wazima, na muda wote aliolazwa walikuja hao hao wawili. Fomu niliiacha vile ilivyoandikwa.

Nikajifunza kunyamaza, na mazoea hayo nikarudi nayo Muheza. Ila sasa umekwenda mwenyewe ukaona, kwa hiyo nitakueleza. Siwezi kuanzia makaburini, lakini. Lazima nianzie kwenye chuma.

Pale Merthyr Mungu aliweka mahali pamoja vitu ambavyo kwingine viko mbalimbali: mawe ya chuma, makaa ya mawe, mawe ya chokaa na maji ya mto. Kiwanda cha Dowlais kilianza mwaka 1759, cha Cyfarthfa mwaka 1765, na kabla ya miaka mia kwisha, mahali palipokuwa pa wafuga kondoo pakawa mji mkubwa kuliko yote Wales, Cardiff ikiwa nyuma yake mbali. Katika miaka ya 1840 Dowlais peke yake kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 7,000, na reli zake zilikwenda kutandikwa hadi Urusi na Marekani. Ni Merthyr pia, tarehe 21 Februari 1804, ambako injini ya mvuke ya Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 juu ya reli, kutoka Penydarren hadi Abercynon, kwa saa nne na dakika chache. Hakuna injini iliyowahi kufanya hivyo kabla yake popote duniani. Ukirudi Merthyr usiishie madukani. Panda hadi Cyfarthfa uitazame ngome ya akina Crawshay, iliyokamilika mwaka 1825. Mwenye kiwanda aliijenga mahali ambapo usiku aliweza kuona matanuri yake yanavyowaka. Watu wake walikuwa chini, wanachota maji kwenye mto uleule uliopokea uchafu wao, na kipindupindu cha mwaka 1849 kiliua zaidi ya watu 1,000 pale mjini.

Sikwambii haya ili ujue historia ya Waingereza, na wenyewe ni watu wa Wales, wakikusikia unawaita Waingereza watakukatiza. Nakwambia kwa sababu mali ilitoka kwa wingi na ikaenda mbali, na kilichobaki ni taka zake.

Viwanda vya chuma vilipodhoofika, makaa ndiyo yakawa maisha ya bonde. Makaa ya Wales kusini yaliwaka vizuri kwenye meli za mvuke kuliko mengine, ndiyo maana yalirundikwa hadi Adan, kituo cha meli zilizokuwa zikija huku kwetu pwani. Lakini mgodi hautoi makaa matupu. Hutoa pia mawe, udongo na tope, na bonde lile ni jembamba, umeliona: mto, reli, barabara, safu mbili tatu za nyumba, kisha mlima. Basi vifusi vyote vilipelekwa mlimani. Juu ya Aberfan mgodi wa Merthyr Vale ulikuwa na malundo saba. Lundo namba 7 lilianzishwa mwaka 1958 juu ya chemchemi, chemchemi iliyokuwa imechorwa kwenye ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua dukani.

Watu walisema, usidhani walikaa kimya. Mwaka 1963 mhandisi wa manispaa aliandika barua kuhusu hatari ya tope lile nyuma ya shule ya Pantglas. Baadaye akina mama wa shule wakapeleka malalamiko ya maandishi juu ya mafuriko machafu yaliyokuwa yakiingia mitaani. Mgodi ulikuwa chini ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, na Bodi ndiyo iliyokuwa ajira ya kila mtu. Mkubwa akikuajiri wewe, baba yako na shemeji yako, kumpigia kelele si jambo jepesi, hasa ukihofia kwamba jibu lake litakuwa kufunga mgodi.

Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966 ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo fupi. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni ingawa juu mlimani jua liliwaka. Yapata saa tatu na robo asubuhi, watoto wakiwa ndiyo kwanza wameingia madarasani, lundo lilishuka. Sisi watu wa chini ya Usambara tunajua mlima ukinywa maji unavyofanya, na kile kilikuwa kifusi tu, kisicho na mzizi hata mmoja wa kukishika. Kilikwenda kama uji uliomwagwa mteremkoni, kikafunika shule ya Pantglas na nyumba za jirani. Wachimbaji walitoka mgodini wakaja kuchimba kwa koleo na kwa mikono. Ilikuwa ikipulizwa filimbi, mamia ya watu wananyamaza ghafla wasikilize kama kuna sauti chini. Baada ya saa tano asubuhi hakutolewa tena mtu akiwa hai. Walikufa 144, na 116 kati yao ni watoto. Walimu watano walikufa, akiwemo mwalimu mkuu, Ann Jennings. Kanisa la Bethania ndilo lililogeuzwa mahali pa kuweka maiti, na wazazi walipanga foleni nje kwenye mvua wakingoja zamu ya kuingia kutambua.

Hapo ndipo watu wengi wanapoishia wakisimulia. Mimi kilichonichoma zaidi ni kilichofuata, na nilikipata kwa vipande, chumba cha chai, zamu za usiku, kutoka kwa manesi waliokuwa na ndugu kule.

Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti Agosti 1967 ikasema waziwazi kwamba lawama ni ya Bodi. Hakuna aliyeshtakiwa. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Mwenyekiti wa Bodi, Lord Robens, siku ile ya msiba alitanguliza sherehe ya kutawazwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Surrey kabla ya kufika Aberfan, na alibaki na kiti chake. Kwa kila mtoto aliyekufa Bodi ililipa pauni 500.

Watu wa dunia nzima walikuwa wamechanga, zikafika karibu pauni milioni 1.75. Wazazi walitaka malundo yaliyobaki juu ya vichwa vyao yaondolewe. Ikabidi wabebe tope lenyewe wakalimwage kwenye ofisi ya serikali Cardiff ndipo wasikilizwe. Serikali ikakubali kuyaondoa, lakini mwaka 1968 ikachukua pauni 150,000 kutoka mfuko ule wa michango kusaidia gharama. Soma tena, mwanangu, usidhani kalamu imeteleza. Rambirambi za wafiwa zilitumika kuondoa taka za mwenye kosa. Huku kwetu mtu akila sanduku la msiba jina lake haliji likasafishika. Pesa hizo zilirudishwa mwaka 1997, kiasi kilekile bila senti ya riba, na mwaka 2007 serikali ya Wales ikaongeza pauni milioni 2. Wazazi wangapi walikuwa hai kufikia hapo, kisia wewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua mimi mwenyewe, maana najua nawe litakusumbua ukilifikiri. Ulizaliwa 1983, katika hospitali ya Prince Charles, pale pale nilipofanya kazi. Ulipokuwa unajifunza kutembea, Machi 1984, wachimbaji waligoma nchi nzima kupinga migodi kufungwa. Wanaume wa Merthyr Vale waligoma, na wengi wao walikuwa baba na kaka za wale watoto. Watu waliochimbua wana wao kwenye kifusi cha mgodi ule walikaa mwaka mzima bila mshahara ili mgodi uleule usifungwe.

Sikuelewa. Nilimuuliza mgonjwa mmoja, mzee wa mapafu. Wazee wa namna yake wodi yetu haikuwakosa: vumbi limewaganda kifuani, hatua kumi hawafiki bila kukaa, na mikononi na usoni wana alama za buluu, maana kidonda kikipona na unga wa makaa ndani kinabaki na rangi hiyo mpaka kaburini. Akanijibu kwa pumzi ya kukatakata, "Nesi, wewe nitajie kazi nyingine hapa." Nikamtajia kiwanda cha Hoover cha pale Pentrebach, cha mashine za kufulia, alikokuwa akifanya kazi jirani yetu wa mlango wa pili. Akacheka hadi akakohoa. "Na hicho kikifungwa?"

Kilifungwa mwaka 2009. Yeye hakukiona.

Mgomo ule ulikuwa mbaya, usidanganywe na nyimbo. Wanawake walipika kwenye majiko ya pamoja na kugawa vifurushi vya chakula, hilo ni kweli na lilinifurahisha. Baba yako aliwahi kubeba magunia ya viazi hadi mgongo ukamkataa. Lakini tarehe 30 Novemba 1984, dereva wa teksi aliyekuwa akimpeleka kazini Merthyr Vale mchimbaji aliyevunja mgomo aliuawa, wagomaji wawili walipodondosha zege juu ya gari lake kutoka darajani. Wiki ile wodini hakuna aliyemtazama mwenzake machoni. Machi 1985 wakarudi kazini bila kupata chochote. Mgodi wa Merthyr Vale ulifungwa mwaka 1989, sisi tukiwa tumesharudi.

Kwa hiyo ukiona maduka yamefungwa, usiandike kama ulivyoniandikia, kwamba "mji umekata tamaa." Neno hilo sikulipenda. Wewe umekulia mkoa wa Tanga, umeona ulivyobaki baada ya mkonge kuporomoka na viwanda kufungwa. Mgeni akishuka stendi, akapita mbele ya mageti yenye kutu, akasema watu wa hapa wamekata tamaa, ungemjibu nini?

Ukitaka kurudi Aberfan, rudi, kuna bustani ya kumbukumbu ilipokuwa shule, kaa pale. Nunua maua kijijini kama yapo, pesa ibaki pale. Usipige picha za majina. Na usiende tarehe 21 Oktoba, hata kama mafunzo yako yatafika wakati huo. Siku hiyo waachie wenyewe.

Uliuliza pia kama nina picha za wakati ule. Ninazo chache, moja yako umevishwa kofia ya sufu unalia mlangoni. Ziko kwa shangazi yako kule Magila, ndani ya ile Biblia kubwa. Nitamwambia mjukuu wake azipige kwa simu akutumie. Ile nyumba yetu, kama bado ipo, ina mlango unaotazama mto. Uliza barabara ya kupanda Penydarren, baba yako anasema ni kushoto, mimi nasema ni kulia.

Mama yako