Jibu: Babu mchuma karafuu alifikaje Bama?

Waalaykum salaam, sheikh. Umeuliza vipi babu yako, mchuma karafuu wa Wete, Pemba, akafika vitani Bama (Myanmar ya leo) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mbona yawezekana sana! Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walikuwemo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua juu, matope chini. Mchele wetu mwingi ukitoka huko huko Bama. Wajapani walipoiteka mwaka 1942 ukakatika, watu wakarudi kwenye muhogo.

Fungua sanduku lake. Ukiona medali ya nyota ya pembe sita, utepe wa buluu iliyoiva wenye mstari mwekundu katikati, basi alifika. Jina usilitafute juu yake, medali hizo hazikuchorwa majina. Kisha nenda Nyaraka, hifadhi ya kumbukumbu za Zanzibar iliyoko Kilimani, ukaulize habari zake.

Wengi waliporudi ni karafuu tena: malipo kwa pishi (kipimo cha ujazo), usiku kuchambua makonyo (vijiti vya karafuu), asubuhi kuanika majamvini.