Jina la siri halipigiwi kelele

Mmetuuliza wiki hii kama filamu zinazotokana na riwaya za fantasia zikifuate kitabu kama kilivyo. Jibu langu: matukio yapunguzeni mtakavyo, wahusika waunganisheni, safari zifupisheni. Ila kila kitabu kizuri kina nguzo moja, na hiyo ukiing'oa nyumba nzima inalala chini.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya aina hii ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1968. Ni hadithi ya visiwa, mashua na waganga (nasema waganga kwa kukosa neno bora, maana mchawi kwetu ni mtu mbaya). Kuna mvulana mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont ambaye watu wote wanamwita Kipanga, kwa kuwa ndege wawindaji humjia akiwaita. Jina lake la kweli ni Ged. Alipewa akiwa na miaka 13: alivuka uchi maji baridi ya chemchemi za mto Ar, akatoka ng'ambo anatetemeka, na mganga Ogion akamshika mkono akamnong'oneza. Tangu siku hiyo jina hilo wanalijua wachache sana anaowaamini. Adui akilipata, amempata mwenyewe.

Hili halikuhitaji maelezo kwangu. Bibi alitukanya tangu wadogo: ukisikia unaitwa usiku na sauti usiyoijua, usiitike. Nakumbuka usiku mmoja niliposikia jina langu likiitwa uani, nikafumbua mdomo kujibu. Bibi alikuwa macho. Aliniwekea kiganja mdomoni, akanivutia ndani ya khanga yake, tukakaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Mwaka 2004 Sci Fi Channel ya Marekani ikakifanya kitabu hicho filamu ya televisheni. Humo majina yamegeuzwa: Ged ndilo la kuitiwa njiani na kila mtu, na lile la ndege ndilo limekuwa la siri. Mtu atasema, majina mawili tu yamebadilishana nafasi, kuna ubaya gani? Ubaya upo. Kwa kiburi cha ujana, akiwa shuleni kisiwani Roke, Ged alikifungulia mlango kivuli kiovu. Kivuli kinamwinda, kisha yeye anageuka na kukifukuza kwa mashua, pamoja na rafiki yake Vetch, hadi ng'ambo ya bahari zinazojulikana. Wanapokutana uso kwa uso hapachomwi mkuki wala upanga. Kivuli na kijana wanatamka neno lilelile kwa wakati mmoja: "Ged." Kumbe kilikuwa yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo nguzo ya kitabu. Sasa jina ambalo limepigiwa kelele sokoni tangu mwanzo, likitamkwa pale litakuwa na uzito gani?

Na kuna ngozi. Le Guin alimwandika Ged kuwa mtu wa rangi ya shaba iliyokoza, na Vetch kuwa mweusi. Weupe ni watu wa Kargad, wavamizi wa kutoka mashariki. Halitangazi jambo hilo, analitaja kwa kupita tu. Nilipolifikia nilirudi nyuma kurasa kadhaa, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeshamfanya Ged mzungu bila kuambiwa na mtu. Kitabu kilinivua mazoea yale taratibu. Filamu ikanivalisha tena: Ged wake ni kijana mzungu. Desemba mwaka huohuo Le Guin aliandika makala ya kulalamika katika jarida la Slate, na kila sentensi yake naiunga mkono.

Mwaka huohuo pia Hayao Miyazaki, mtengenezaji wa filamu za katuni wa Japani, alitoa Howl's Moving Castle, kutoka riwaya ya Diana Wynne Jones ya 1986. Alibadilisha mengi kuliko wale wa televisheni, akaitanua vita mpaka ikajaa angani, lakini Sophie yupo mzima: msichana aliyegeuzwa ajuza, akapata ndani ya uzee ujasiri ambao ujana ulimnyima. Sina ugomvi na filamu hiyo hata kidogo. Peter Jackson naye, katika filamu zake za The Lord of the Rings, alimwacha nje Tom Bombadil, mhusika wa kitabu cha Tolkien, na sikumlilia.

Lakini mapenzi kwa kitabu peke yake hayatoshi. Mwaka 2006 Goro Miyazaki, mtoto wa Hayao, alitengeneza filamu ya katuni ya Earthsea. Le Guin alimwambia kwa upole kuwa hicho si kitabu chake yeye Le Guin, ni filamu yake Goro, na ni filamu nzuri. Baadaye aliandika kilichomsumbua: uovu ulikuwa umehamishiwa kwa mtu mmoja mbaya, ambaye akiuawa mambo yote yanakwisha. Yaani nguzo ileile tena, maana Ged hakumuua mtu. Alikikumbatia kivuli chake.

Siku mtu mwingine akiitengeneza upya, nitaisubiri sehemu ya chemchemi za Ar, mvulana anapotoka majini anatetemeka, nione kama Ogion ananong'ona.