Kwa wewe unayeanza kuripoti mrengo mkali wa kulia katika Bunge la Ulaya

Ukipangiwa habari za Ulaya, haitapita muda utaletewa taarifa yenye kichwa cha habari kama hiki: vyama vya mrengo mkali wa kulia vyaungana katika Bunge la Ulaya. Itatoka kwa shirika la habari la nje, itafika jioni, na mhariri ataitaka kwa Kiswahili kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Nina ombi moja. Kabla hujaandika kwamba wameungana, fungua kanuni za bunge lile, kisha fungua orodha ya kura. Kwa miaka yote niliyolifuatilia, hotuba za viongozi wa vyama hivi, vinavyotanguliza taifa na kupinga wahamiaji, hazijanisaidia sana kujua watakachofanya. Kanuni na kura zimenisaidia karibu kila mara.

Anza na namna wanavyokaa. Msomaji aliyezoea Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha anajua kwamba kila nchi hupeleka wabunge 9 wa kuchaguliwa na bunge la kwao, na wanatambulika kwa nchi zao. Ulaya ni tofauti. Wabunge 720 huchaguliwa moja kwa moja na wananchi wa nchi 27, lakini wakifika Brussels na Strasbourg hukaa kwa makundi ya kisiasa yanayovuka mipaka. Kundi haliwezi kusajiliwa bila wabunge 23, tena wawe wametoka katika robo ya nchi wanachama, yaani nchi 7 kwa sasa. Likishasajiliwa linapata fedha za kuajiri watumishi, muda zaidi wa kuzungumza ukumbini, kiti katika kikao cha viongozi kinachopanga ratiba ya bunge, na sehemu yake katika mgawo wa wenyeviti wa kamati na wabunge wanaosimamia miswada. Asiye na kundi ana kura yake, na mengi ya hayo mengine yanampita.

Hapo ndipo ugumu wao unapoanzia. Chama kilichojijenga kwa kusema taifa letu kwanza kinalazimika kutafuta wenzake katika mataifa mengine 6, na kila mmoja wa hao naye ana taifa lake la kutanguliza.

Mambo haya hayakuanza juzi. Kundi lao la kwanza liliundwa mwaka 1984 chini ya Jean-Marie Le Pen wa Ufaransa, kikiwemo chama cha MSI cha Italia. Uchaguzi wa 1989 ulipowaleta wabunge wa chama cha Republikaner cha Ujerumani, MSI ikakataa kukaa nao kwa sababu ya Tyrol Kusini, jimbo la Italia ambalo wakazi wake wengi huzungumza Kijerumani. Kuhusu wahamiaji hawakuwa na la kubishana. Walishindwana kwenye mpaka.

Kisa ninachomsimulia kila kijana anayeanza kazi hii ni cha 2007. Januari mwaka huo Romania na Bulgaria ziliingia katika Umoja wa Ulaya, na wabunge wa chama cha Romania Kuu wakaliwezesha kundi jipya lililoitwa ITS kufikia idadi iliyotakiwa enzi hizo, wabunge 20. Mwenyekiti alikuwa Bruno Gollnisch wa Ufaransa. Miezi kadhaa baadaye mwanamke mmoja aliuawa mjini Rome, na mshukiwa aliyekamatwa alikuwa raia wa Romania. Alessandra Mussolini, mjukuu wa Benito Mussolini na mbunge wa kundi hilohilo, akatoa kauli iliyowaeleza Waromania kama watu waliofanya uvunjaji wa sheria kuwa mtindo wa maisha. Wabunge 5 wa Romania wakatoka. Kundi lililokuwa limefikisha wabunge 23 likabaki na 18, na Novemba likavunjika, likiwa na umri wa miezi 10. Angalia vizuri kilichotokea: hakuna mpinzani aliyewavunja. Chuki dhidi ya mgeni iliyowakusanya iliwageukia wao kwa wao, kwa kuwa mgeni wa mmoja alikuwa mwananchi wa mwingine.

Oktoba 2014 likatokea jambo jingine ambalo bila kanuni hutalielewa. Kundi la Nigel Farage wa Uingereza, EFDD, lilikuwa na wabunge 48, zaidi sana ya kiwango. Akaondoka mmoja tu, Iveta Grigule wa Latvia, na kundi zima likaanguka, kwa sababu naye aliondoka na nchi ya saba. Siku chache baadaye akapatikana mbunge mmoja kutoka Poland na kundi likafufuka. Mwaka huohuo Marine Le Pen na Geert Wilders wa Uholanzi walikuwa na wabunge wa kutosha, ila nchi zikawapungukia, wakasubiri hadi Juni 2015. Kwa hiyo ukiambiwa kundi fulani lina wabunge wangapi, uliza palepale wametoka nchi ngapi. Ukikuta nchi 7 au 8, jua kwamba mbunge mmoja wa nchi ndogo anaweza kuliangusha.

Sasa njoo 2024, maana hapa ndipo taarifa nyingi za Kiswahili zinapochanganya watu. Mei, wiki chache kabla ya uchaguzi, Maximilian Krah, aliyeongoza orodha ya wagombea wa chama cha AfD cha Ujerumani, aliliambia gazeti la La Repubblica la Italia kwamba si kila aliyevaa sare ya SS, kikosi cha chama cha Hitler, alikuwa mhalifu. Kwa Mfaransa, ambaye nchi yake ilikaliwa na majeshi ya Hitler, kauli hiyo haibebeki, na chama cha Le Pen kilikuwa kinajitahidi kuonekana chama cha kawaida nyumbani. Mei 23 AfD ikafukuzwa kwenye ID, kundi ilimokaa pamoja na chama cha Le Pen. Juni 30, Viktor Orbán wa Hungary, Andrej Babiš wa Czech na Herbert Kickl wa Austria wakatangaza mjini Vienna umoja mpya, Wazalendo kwa ajili ya Ulaya. Julai 8 ukasajiliwa ukiwa na wabunge 84 kutoka nchi 12, mwenyekiti Jordan Bardella wa chama cha Le Pen. ID ikafa kwa kuhamwa, na chama cha Vox cha Hispania kikahamia kwa Wazalendo kutoka ECR, kundi jingine la mrengo wa kulia. Siku mbili baadaye AfD nayo ikaunda kundi lake, ESN, wabunge 25. Giorgia Meloni wa Italia hakuhama. Akabaki ECR pamoja na chama cha PiS cha Poland, kundi la wabunge 78.

Jumlisha: 84, 78 na 25 ni 187. EPP, kundi la wahafidhina wa kati na kubwa kuliko yote, lilianza na 188. Ukiandika kwamba mrengo wa kulia umeungana, unampa msomaji picha ya nguvu moja inayolingana na kundi kubwa kabisa. Hali halisi ni makundi matatu yasiyokubali kukaa pamoja, na ukiwa mwandishi mwaminifu unapaswa kueleza kwa nini.

Sababu ya kwanza ni Urusi. PiS inatoka Poland, na kwa Wapolandi hofu ya Moscow haikuanza na vita ya Ukraine. Mapema Julai 2024 Orbán, akiwa Waziri Mkuu, alikwenda kuonana na Vladimir Putin siku chache tu baada ya Hungary kushika uenyekiti wa zamu wa Baraza la Umoja wa Ulaya. Kukaa kundi moja na mtu huyo kungeigharimu PiS kwa wapiga kura wake. Ya pili ni ardhi. Chama cha AUR cha Romania kilisema waziwazi kwamba hakitakaa na Fidesz, chama cha Orbán, na chanzo ni Transylvania, iliyotoka Hungary kwenda Romania baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako bado wanaishi Wahungary wengi. Ya tatu ni wahamiaji wenyewe. Italia, inayopokea boti za Mediterania, inataka nchi nyingine zigawane mzigo. Hungary ya Orbán ilikataa kugawiwa hata mtu mmoja. Ndugu zetu wanaoishi huko husikia lugha ileile kali kutoka pande zote mbili, lakini sheria zinazotakiwa hazifanani. Suala la fedha utalielewa haraka: wapo wanaochangia katika bajeti ya Umoja kuliko wanachopata, na wapo wanaopata kuliko wanachochangia.

Ndiyo maana nasisitiza kura. Julai 2025 Gheorghe Piperea wa Romania, mbunge wa ECR, alipeleka hoja ya kutokuwa na imani na Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, inayoongozwa na Ursula von der Leyen. Ilipata kura 175 za ndiyo na 360 za hapana. Fratelli d'Italia, chama cha Meloni chenye wabunge wengi kuliko chama chochote ndani ya ECR, hakikuiunga mkono. Meloni yuko serikalini, na chama kilicho serikalini kina mambo ya kumaliza na Brussels ambayo chama cha upinzani hakina. Kwa hiyo mbele ya jina la kila chama kwenye daftari lako andika vitu viwili: nchi, na kama kinatawala.

Usidhani basi kwamba mgawanyiko huo unawafanya wasiwe na uzito. Uzito wao hutokea EPP inapoamua kuwatumia. Makundi ya kati yamewanyima Wazalendo na ESN nafasi za naibu spika na wenyeviti wa kamati, lakini hakuna anayeweza kuwazuia kupiga kura. Novemba 14, 2024 bunge lilijadili kuahirisha sheria inayozuia kuingizwa Ulaya kwa bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu. Kahawa imo. EPP ikaleta marekebisho ya kuongeza daraja la nchi zisizo na hatari, ambazo zingelegezewa masharti, na yakapita kwa kura za makundi yaliyo kulia kwake. Desemba, katika mazungumzo na serikali za nchi wanachama, daraja hilo likaondolewa na kuahirishwa kukabaki.

Kura ya namna hiyo inamgusa mkulima wa kahawa wa Bukoba au wa Mlima Elgon moja kwa moja, kuliko mkutano wowote wa hadhara wenye bendera. Orodha za kura zinazorekodiwa kwa majina huwekwa kwenye tovuti ya bunge, kundi kwa kundi. Anza na mstari wa EPP, kisha ECR, kisha Wazalendo, na uweke alama kwa kila aliyekwenda kinyume na kundi lake. Hao ndio wa kutafuta nchi zao kwanza, kabla hujaandika sentensi ya kufungulia habari.