Ukitaka kuwa kocha wa chuo Marekani, anzia chumba cha plasta

Kila mwezi wa nane, msimu wa futiboli ya Kimarekani unapokaribia, vijana wetu wanaosoma huku huniandikia: "Kaka, nifanyeje niwe kocha wa chuo?" Wengi wametoka Dar au Mombasa, na mchezo wenyewe wameujulia ukubwani kama mimi. Jibu langu huwa halibadiliki: nenda ukafunge watu plasta, yaani ule utepe wa kunata unaokaza vifundo vya miguu ya wachezaji visiteguke.

Mimi niliingilia mlango wa nyuma. Nilikuwa mwanafunzi, viza yangu ikiniruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, nikapata kibarua cha kukata video za mechi. Nikaimudu. Kufikia msimu wa pili makocha walikuwa wananiuliza maoni, nami kichwa kikavimba. Siku moja nikaandika kwenye ripoti kwamba beki mmoja ni mvivu: anachelewa kuanza mbio, anashika magoti mchezo haujaisha. Video ilionyesha hivyo kweli.

Kocha mkuu alisoma, akanyamaza, kisha akanipeleka mwezi mzima chumba cha matibabu, saa kumi na moja alfajiri, kusaidia kufunga vifundo vya miguu kabla ya mazoezi. Kifundo kimoja ni kazi ya dakika chache. Lakini dakika hizo kijana amekaa juu ya meza, mguu wake umo mikononi mwako, na hana la kufanya ila kuongea. Wiki haikuisha nikajua kwamba yule "mvivu" alikuwa anaendesha gari usiku kwenda kumuuguza bibi yake, anarudi kukipambazuka. Mwanafunzi aliyekuwa akimfunga plasta alikuwa analijua hilo siku zote. Mimi niliyemtazama mara mia kwenye skrini sikuwa na habari. Na neno nililoliandika lilikuwa limeshasomwa na watu wenye uwezo wa kumkatia ufadhili wa masomo. Linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana kocha ninayewaambia vijana wamsome ni Eddie Robinson. Mwaka 1941 alikuwa na miaka 22, amemaliza chuo, na kazi aliyoipata Baton Rouge, jimbo la Louisiana, ilikuwa kwenye kinu cha chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Louisiana ya ubaguzi haikuwa na nafasi nyingi kwa msomi mweusi. Chuo kidogo cha watu weusi kaskazini mwa jimbo, ambacho leo ni Grambling State, kikampa timu, bila wasaidizi wa kulipwa. Alifyeka nyasi za uwanja mwenyewe, akachora mistari, akafunga wachezaji plasta, akaandika habari za mechi za kupeleka magazetini. Safarini aliwaandalia wachezaji mikate ya kula njiani, maana migahawa ya wazungu haikuwapokea. Husimuliwa pia kwamba baba mmoja alipowazuia wanawe kucheza kwa sababu pamba ilikuwa haijachumwa, Robinson aliibeba timu nzima wakaenda kuichuma.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 3, akafungwa 5. Uliofuata alishinda zote, wala hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake. Alipostaafu mwaka 1997 alikuwa na ushindi 408, na zaidi ya wachezaji 200 aliowalea walikuwa wamefika ligi ya kulipwa, akiwemo Tank Younger, aliyeingia NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mwaka 1949, wa kwanza kutoka chuo cha weusi. Watu huanza na hiyo 408. Mimi huanza na kengele: Robinson alikuwa akipita mabwenini asubuhi akiigonga, kuwaamsha vijana waende darasani.

Mshahara nisikufiche. Vigogo wachache wanalipwa mamilioni ya dola. Wewe msaidizi mchanga utalipwa kiasi cha kugawana chumba na wenzako watatu. Utafukuzwa pia, si kwa kosa lako: kocha mkuu akiondolewa, benchi lote la ufundi huondoka naye. Mwenzi wako alijue hili kabla ya ndoa. Miezi ya msimu nyumbani utakuwa mgeni, na msimu ukiisha utakuwa barabarani, unakaa sebuleni kwa mama wa watu ukimwomba akukabidhi mwanawe achezee chuo chako miaka minne. Robinson na mkewe Doris walifunga ndoa mwaka ule ule wa 1941 na wakakaa pamoja mpaka kifo chake mwaka 2007. Sijawahi kuamini kwamba hilo lilikuwa jepesi kwa Doris.

Na kuondoka kuna saa yake. Misimu yake mitatu ya mwisho Robinson alifungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, na kelele za kutaka atoke zikapanda. Kwa maoni yangu alikawia, ingawa hakustahili kelele zile. Kinachonifariji ni aliyepokea timu mwaka 1998: Doug Williams, mchezaji wake wa zamani, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, fainali ya NFL.

Basi Jumatatu usianzie ofisi ya kocha mkuu na wasifu wako mkononi. Uliza chumba cha plasta kiko wapi na kinafunguliwa saa ngapi. Waombe wakufundishe kufunga kifundo. Kisha, kijana akianza kuongea, simu yako iwe mfukoni.