Nilivyopata nafasi ya udaktari kwa matokeo ya kawaida

Mwaka wa kwanza nilituma maombi kwenye vyuo vitano. Vinne viliniandikia kwamba vinasikitika. Cha tano hakikuandika kitu, nikajijibu mwenyewe. Sikuwa mwanafunzi mbovu. Nilikuwa yule wa katikati, ambaye mwalimu akiulizwa habari zake hufikiri kwanza, halafu anasema, "Aa, yule, anajitahidi." Mwaka wa pili, kwa vyeti vilevile, niliitwa kwenye usaili mara tatu na chuo nikapata. Naandika kwa ajili ya huyo wa katikati. Kama wewe ndiye unayeongoza darasa, haya hayakuhusu sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba kana kwamba mimi ndiye ninayeongoza darasa. Rafiki yangu mwenye alama za juu alikuwa na orodha yake ya vyuo, nami nikainakili nzima nzima. Nilipokaa na daftari baada ya kukataliwa, nikachora jedwali na kuandika mbele ya kila chuo kinataka nini, niligundua kwamba viwili kati ya vile vitano viliweka kiwango cha chini ambacho mimi sikukifikia. Yaani fomu yangu haikusomwa na mtu. Nililipa ada ili kompyuta inikatae, na ada hairudishwi. Niliuliza.

Kwa hiyo anza na hilo jedwali kabla hujaandika hata sentensi moja ya kujieleza. Kila chuo kina mizani yake, na mizani hiyo mara nyingi imeandikwa wazi kwenye kurasa za udahili ambazo hakuna anayezisoma hadi mwisho. Uingereza, kwa mfano, utachagua vyuo vinne tu vya udaktari, na mwisho wa kutuma ni tarehe 15 Oktoba. Kuna vyuo vinavyopanga waombaji kwa alama za UCAT, yaani mtihani wa kuingilia udaktari huko, peke yake, vingine vinachanganya UCAT na matokeo ya sekondari, vingine vina kiwango cha chini na ukishakivuka vinaangalia mambo mengine. Tangu 2025 jumla ya alama za UCAT ni kati ya 900 na 2700, na kuna sehemu ya kupima maamuzi yako kazini inayotolewa daraja, la 1 hadi la 4. Vipo vyuo visivyompokea kabisa mwenye daraja la 4, hata kama alama zake nyingine zinang'aa. Mwenye UCAT nzuri na matokeo ya sekondari ya kawaida ana vyuo vyake. Mwenye kinyume chake ana vyake pia. Ukivichanganya umepoteza robo ya nafasi zako kwa kila kosa.

Marekani hesabu ni nyingine lakini mantiki ni hiyohiyo. Alama za MCAT, mtihani wa kuingilia wa huko, zinaanzia 472 hadi 528, na wastani wa wanaoingia kwenye vyuo vinavyotoa MD, shahada ya kawaida ya udaktari, miaka ya karibuni umekuwa karibu 511 au 512. Mwenye 506 akiangalia wastani huo anakata tamaa bure. Aangalie kila chuo kimoja kimoja, hasa alama za wale wa chini waliokubaliwa, si wa katikati. Aangalie pia kama chuo cha umma kinawapendelea wakazi wa jimbo lake, kwa sababu vingi vinafanya hivyo. Vilevile kuna vyuo vya osteopathia, tawi la udaktari linalotilia mkazo pia misuli na mifupa, vinavyotoa shahada ya DO. Wahitimu wake ni madaktari kamili wenye leseni, na wastani wa alama za kuingilia huko uko chini kidogo. Nimewahi kumsikia mtu akisema hataki DO kwa sababu "haina jina". Alikaa nyumbani miaka miwili akilisubiri jina.

Na tuma mapema. Vyuo vingi vya Marekani hupitia fomu kadiri zinavyoingia na kugawa nafasi za usaili papo hapo. Mfumo wa maombi hufunguliwa kupokea fomu mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Anayengoja siku ya mwisho, miezi kadhaa baadaye, anakuta viti vimeshakaliwa. Mwenye alama za ajabu huenda wakamtafutia kiti. Wewe na mimi hatutafutiwi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama mtu arudie mtihani wa kuingilia. Jibu langu ni: urudie iwapo unajua kwa nini ulipata ulichopata. UCAT hufanywa mara moja tu kwa msimu. MCAT inaruhusiwa mara tatu kwa mwaka mmoja, nne kwa miaka miwili na saba maishani, na vyuo vinaona kila jaribio. Kwa hiyo kurudia kwa matumaini tu ni kujichafulia fomu. Mimi niliporudia, nilianza na daftari la makosa. Kila swali nililokosa kwenye mazoezi nililiweka kwenye fungu moja kati ya matatu: sikujua; nilijua lakini muda uliniishia; nilijua lakini nilisoma swali vibaya. Nilikuwa na hakika fungu la kwanza ndilo litakalojaa, kwa hiyo nilishanunua vitabu vya baiolojia. Lililojaa ni la tatu. Swali linasema "ni ipi kati ya hizi SI sababu", mimi nimeshajibu sababu ya kwanza niliyoiona na nimejisikia mwerevu. Miezi miwili nilikuwa nafanya kitu kimoja cha kitoto: kabla ya kuangalia majibu, nalisema swali kwa maneno yangu, kwa sauti. Vitabu vya baiolojia bado vina harufu ya dukani.

Sasa kujitolea. Mwaka wa kwanza fomu yangu ilikuwa na mstari mrefu wa shughuli: wiki moja hapa, siku tatu pale, semina, klabu, cheti cha huduma ya kwanza. Ilionekana kama mtu anayekusanya mihuri. Mwaka wa pili niliacha vyote nikabaki na kituo kimoja cha kutunzia wazee, kila Jumamosi, karibu mwaka mzima.

Kulikuwa na mzee mmoja niliyemhesabu kuwa mkaidi. Nikimwambia "Babu, tunywe maji", ananitazama tu, au anajibu kitu kisichohusiana. Nikaanza kuongea naye kwa sauti ya juu na maneno ya kitoto, kama tunavyofanya tukidhani mtu hana akili tena. Siku moja nesi wa zamu akaja, akazunguka kitanda hadi upande wa pili, akapiga magoti na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikamoo babu, maji haya hapa." Mzee akaitikia na kuchukua kikombe. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Wiki sita nilikuwa nakaa kushoto, kwa sababu kiti kilikuwa kushoto.

Nilipofika nyumbani niliandika tukio hilo lote, bila jina lake wala la kituo. Fanya hivyo na wewe. Jioni ileile, mistari mitano inatosha, kwa sababu baada ya miezi minane utakumbuka tu kwamba "ulijifunza mawasiliano", na neno hilo limo kwenye kila fomu waliyonayo mezani.

Tukio hilo ndilo lililoniokoa kwenye barua ya kujieleza. Ile ya mwaka wa kwanza ilianza na ndoto yangu ya tangu utotoni ya kusaidia watu. Nilimpa shangazi yangu, ambaye ni nesi mstaafu, aisome. Akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Fundi bomba hasaidii watu? Na mimi miaka yote ile nilikuwa nafanya nini? Wewe kwa nini unataka kuwa daktari na si kitu kingine?" Sikuwa na jibu. Ilinichukua wiki tatu kulipata, na barua ya pili ilianza na kile kiti cha kushoto. Ilinionyesha nikikosea, na niliogopa kuituma hivyo. Lakini kwenye usaili wote watatu kuna aliyeniuliza habari za yule mzee.

Kama una doa kwenye matokeo, litaje kwa sentensi mbili: nini kilitokea, nini kimebadilika. Basi. Nafasi yenyewe ni finyu. Fomu kuu ya Marekani inakupa herufi 5,300 pamoja na nafasi za wazi kati ya maneno, ya Uingereza 4,000, ambazo kuanzia wanaoingia chuo 2026 zimegawanywa katika maswali matatu. Ukitumia nusu kulalamikia mtihani wa kemia, umewakumbusha nusu ya muda kwamba ulifeli kemia.

Barua za mapendekezo nitazipitia haraka. Omba mapema, na umwombe anayekujua badala ya mwenye cheo. Profesa mkubwa aliyeniandikia mwaka wa kwanza alikosea jinsia yangu mara mbili.

Usaili ndio sehemu ninayoipenda, kwa sababu vipo vyuo ambavyo ukishaitwa, alama za vyeti huwekwa kando na wote mnaanza sifuri. Hapo ndipo wa katikati anapata mlango. Vyuo vingi siku hizi hutumia usaili wa vituo, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unazunguka vituo kadhaa, kila kimoja dakika chache, kila kimoja na msahihishaji wake. Uzuri wake ni kwamba ukiharibu kituo cha pili, wa kituo cha tatu hana habari. Ubaya wake ni kwamba wewe unayo, na unaibeba.

Mimi nilikiharibu kimoja vizuri sana. Maelezo mlangoni yalisema: jirani yako alikuachia mbwa wake, mbwa amepotea, ingia umwambie. Ndani alikuwepo mwigizaji, mama wa makamo, anatabasamu. Nikaanza. Nikaeleza kuhusu lango, kwamba komeo lake lilikuwa bovu, kwamba nilikuwa nimekwenda kufungua mlango wa mbele, kwamba nilirudi mara moja. Mama akauliza, "Mbwa wangu yuko wapi?" Nikaeleza nilivyotafuta. Akauliza tena. Aliuliza mara tatu kabla sijatamka neno "amepotea", na kengele ikalia.

Tangu siku hiyo nilifanya mazoezi ya jambo hilo tu. Habari mbaya inatangulia, kwa sentensi fupi, halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Rafiki yangu alikuwa akikaa chumbani na simu inayohesabu dakika, mimi naingia, nasema, nafunga mdomo na kuhesabu hadi tano moyoni wakati yeye anajifanya kulia. Tulicheka sana wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hatukucheka.

Kwenye maswali ya maadili utakutana na nguzo nne: mgonjwa ana haki ya kujiamulia, tenda mema, usidhuru, tenda haki. Zijue, lakini usizikariri mbele yao kama shairi. Wakikuuliza kuhusu mtu mzima mwenye akili timamu anayekataa kuongezewa damu, anza kwa kutaka kujua anaelewa nini kitatokea na kwa nini anakataa. Wanaorukia kutoa hukumu huonekana haraka.

Usaili wa kwanza sikuupita. Wa pili vilevile. Wa tatu uliniweka kwenye orodha ya kusubiri, na hapo watu wengi hukaa tu wakingoja. Kama chuo kinaruhusu, andika barua moja fupi ya kuwajulisha kilichoongezeka tangu utume fomu: matokeo mapya, saa zaidi za kujitolea, na kwamba ukipewa nafasi utaichukua. Moja, si moja kila wiki. Kisha usizime simu. Mimi nilipigiwa zikiwa zimebaki siku kumi na moja masomo yaanze, na nikapewa hadi kesho yake kujibu. Dada wa udahili alikuwa bado anaeleza masharti nilipomwambia ndiyo, ikabidi aanze kuyasoma upya.